Kuzuia kipande kisiteleze katika jaribio la kusokota kwa kasi

Katika jaribio la kusokota kwa fimbo za Hopkinson, ambapo wimbi la msokoto huachiwa ghafla katika fimbo ndefu ya metali na kupita katika kipande kinachopimwa, chenye umbo la bomba lenye ukuta mwembamba na kilichogundishwa kati ya fimbo mbili, kasoro nyingi hutokana na kiungo kati ya kipande na fimbo. Kiungo kikiteleza hata kidogo, grafu huonyesha metali laini kuliko ilivyo.

Hapa Mtwara, ambako upepo wa bahari huingiza unyevu na chumvi hadi karakana, ninashauri nyuso zote mbili zisuguliwe kwa msasa, zifutwe kwa asetoni mpaka kitambaa kisiache weusi, kisha gundi ya epoksi ipakwe papo hapo. Ukienda kwanza Feri kutafuta samaki, ukirudi anza upya na msasa. Tabaka liwe jembamba, fimbo zikae katika mstari mmoja zikiwa zimebanwa, na gundi inayovuja kuelekea ukuta wa bomba ifutwe ingali mbichi, kwa sababu ikigandia pale itabeba sehemu ya mzigo.

Gundi ikiendelea kuachia, ongeza kipenyo cha kitako cha kipande (ncha yake pana inayogundishwa kwenye fimbo), kwani kipenyo kikiwa mara 2, msokoto unaohimiliwa na gundi hufika mara 8. Vitako vya pembe sita hushika vizuri pia, ila uwazi mdogo tu kwenye tundu la fimbo linalopokea kitako huchelewesha na kuvuruga wimbi. Mimi huujaza kwa epoksi ileile.