Namna ya Kusoma Uhusiano wa Kimataifa kwa Shahada ya Uzamili Ukiwa Dodoma

Wengi wanaotaka kusoma shahada ya uzamili ya Uhusiano wa Kimataifa huanza kwa kutafuta chuo, kisha ada, na swali la utafiti huja mwishoni kabisa, msimamizi akiwa ameshaanza kulidai. Ni afadhali kuugeuza utaratibu huo. Mtu anayejua anachotaka kuuliza huchagua chuo kwa kuangalia nani anafundisha nini, huandika barua ya maombi isiyofanana na za wenzake, na hamchoshi mfadhili kwa maneno ya jumla.

Swali lenyewe lazima liwe swali kweli. "Diplomasia ya uchumi ya Tanzania" ni kichwa cha habari, tena kimeshatumika mno. Lakini ukiuliza kwa nini Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000 ikabaki SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, huku ikijifunga upya katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mkataba uliosainiwa Arusha Novemba 1999, umeshapata uamuzi, wahusika, kipindi na nyaraka za kutafuta.

Hapo ndipo mkazi wa Dodoma ana fursa ambayo, kwa maoni yangu, haitumiki ipasavyo. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipatia Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa, na kazi hiyo hufanyika hapa mjini. Chukua mfano wa makubaliano ya bandari baina ya Tanzania na Dubai, yaliyosainiwa Oktoba 2022 na kuridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023. Anza kwa kusoma maandishi ya makubaliano yenyewe, ibara kwa ibara, kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote. Kisha tafuta Taarifa Rasmi ya Bunge, yaani Hansadi, ya siku ya kuridhia; soma hotuba ya waziri, maoni ya kamati na michango ya wabunge, ukiandika pembeni nani alijenga hoja juu ya mamlaka ya nchi, nani juu ya mapato na nani juu ya muda wa mkataba. Baada ya hapo linganisha na mikataba mitatu ya uendeshaji iliyosainiwa Ikulu ya Chamwino Oktoba 2023, uone malalamiko yapi yalijibiwa na yapi yalipita hivihivi. Kumbuka tu kwamba Hansadi hukuonyesha kilichosemwa hadharani. Sababu zilizojadiliwa faraghani huzipati humo, na mtahini makini atakuuliza juu ya hilo.

Ndiyo maana mahojiano yanahitajika. Wizara ya Mambo ya Nje iko Mji wa Serikali, Mtumba, lakini balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam, kwa hiyo kusanya mahojiano kadhaa ya huko katika safari moja. Treni ya mwendokasi imerahisisha jambo hilo tangu mwaka 2024. Beba barua ya utambulisho ya chuo na maswali yaliyochapwa, kwani ofisi za serikali huomba kuyaona kwanza. Kipindi cha bajeti, Aprili hadi Juni, wabunge wote wako mjini, ila maofisa wa wizara huwa wamezama katika majibu ya maswali ya Bunge. Wakati huo mtafute mbunge, na ofisa umwache mpaka Julai.

Kuhusu nadharia, usizimeze kama zilivyo. Uhalisia hufundisha kwamba mataifa hufuata masilahi na nguvu zao. Mwambie basi mwenzako anayeushabikia aeleze kwa nini Desemba 1965 Tanzania, nchi changa na maskini, ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wazungu walikuwa wamejitangazia uhuru, ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Huenda uhalisia una jibu. Huenda nadharia zinazotazama utambulisho na maadili zina jibu bora zaidi. Sura ya nadharia katika tasnifu inapata uzito pale inapogombana na tukio kama hilo, wala si pale inapoorodhesha majina ya wanazuoni wa Ulaya na Marekani.

Maombi yenyewe hayana mengi. Andaa vyeti, matokeo ya shahada ya kwanza, barua za walimu wawili wanaokufahamu kikazi na andiko fupi la utafiti. Maombi ya uzamili hupelekwa moja kwa moja chuoni. Ukienda kusoma nje, thibitisha mapema kwamba chuo hicho kinatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na usome masharti ya ufadhili hadi mwisho: Chevening ya Uingereza, kwa mfano, hutaka uwe na uzoefu wa kazi na urejee nyumbani kwa angalau miaka miwili.

Jambo linalosahaulika ni lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu 2019, lakini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, huandika nyaraka zake za serikali kwa Kifaransa. Kama swali lako linavuka Ziwa Tanganyika, anza Kifaransa katika muhula wa kwanza, kwa sababu ukifika muhula wa tasnifu hutakuwa na nafasi hiyo tena.