Kubadilisha Sensa ya Oksijeni Bila Kuharibu Thredi za Egzosi

Wenye magari wengi hapa Kisumu hufika gereji wakiwa tayari wamenunua sensa mpya ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni ndani ya egzosi, kwa sababu taa ya injini iliwaka na mtu akawaambia kwamba sensa imekufa. Hatua ya kwanza ni kuthibitisha. Msimbo wa hitilafu P0135, unaosomwa kwa mashine ya kupimia, unahusu saketi ya hita ya sensa ya mbele, na fyuzi iliyoungua au waya uliokatika huuleta vilevile. Nao P0171, unaosema mafuta ni haba kuliko hewa, unaweza kutokana na egzosi inayovuja kabla ya sensa, kwani hewa ya nje huingia na kuidanganya kompyuta kwamba mafuta ni haba.

Injini ikiwa moto, tazama volti kwenye mashine ya kupimia. Sensa ya kawaida iliyo kabla ya katalaiza (kifaa cha egzosi kinachosafisha moshi) hupanda na kushuka bila kutulia, takriban kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikiganda hata unapokanyaga mafuta ghafla, hapo una sababu ya kuishuku. Tahadhari na Toyota nyingi, ambazo mbele zina sensa ya uwiano wa hewa na mafuta: hiyo haisomwi hivyo, wala haibadilishwi kwa ile ya kawaida hata kama plagi inaingia.

Zima injini, ngoja egzosi ibaki na uvuguvugu tu, kisha toa terminali hasi ya betri. Ukihitaji kuingia chini, gari likalie stendi, kamwe lisishikiliwe na jeki pekee. Chomoa plagi, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina la sensa na uyape muda. Usiharakishe hapa, hasa kwa gari lililotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara hutiwa chumvi.

Tumia soketi ya sensa ya milimita 22, yenye mwanya wa kupitishia waya. Sensa ikianza kuzunguka huku ikilia na kutoa unga mwekundu wa kutu, usilazimishe: irudishe nusu mzunguko, ongeza mafuta, ulegeze tena, mpaka itoke. Ukiivuta kwa nguvu itatoka na thredi (mizunguko ya skrubu) za egzosi. Zikiwa zimechubuka kidogo, zisafishe kwa tepu (chombo cha kuchongea thredi) ya M18 × 1.5, ambayo ndiyo saizi ya sensa nyingi.

Sensa mpya nyingi huja zimepakwa grisi ya kuzuia kung'ang'ania. Kama haipo, paka kwenye thredi tu, isiguse ncha. Silikoni ya gasketi usiitumie kabisa, kwani mvuke wake huua sensa. Anza kwa vidole, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari, ambacho mara nyingi hukaribia Nm 40. Waya usikatwe na kuunganishwa kwa risasi ya kulehemu, maana sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya waya huo. Ufunge mbali na bomba.

Rudisha terminali, futa msimbo, endesha hadi Maseno na kurudi, kisha pima tena. Ukitokea msimbo P0420, unaosema katalaiza haisafishi moshi inavyotakiwa, chunguza uvujaji na katalaiza kabla ya kununua sensa nyingine.