Programu kwanza, kompyuta baadaye

Dukani utaulizwa unataka RAM ngapi na diski ya ukubwa gani. Jibu la maswali hayo lisubiri. Chukua karatasi uandike kila programu utakayoitumia kwa miaka 3 ijayo pamoja na toleo lake, halafu weka alama kwenye zile usizo na uhuru wa kuzibadilisha kwa sababu mwajiri, chuo au mteja ndiye aliyezipanga. Hizo zenye alama ndizo zitakazokuchagulia mashine.

Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kila moja, usome ukurasa wa mahitaji ya mfumo. Maneno ya muuzaji hayatoshi. Mhasibu wa TallyPrime, msanifu majengo wa Revit na mchora ramani wa ArcGIS Pro, wote watakuta Windows. Anayehariri video kwa Final Cut Pro, au anayetengeneza programu za iPhone kwa Xcode, hana pa kwenda ila Mac. Kama orodha yako ni QGIS, Stata, Blender na LibreOffice, zinapatikana Windows, Mac na Linux. Hapo angalia bei na uimara tu.

Wengi hukwama pale programu inapokuwa na jina moja pande zote huku uwezo ukitofautiana. Excel ya Mac haina Power Pivot, zana ya kuchambua data nyingi, na Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, haipo kabisa kwenye Mac. Faili la Excel lenye makro, yaani amri zilizoandikwa ili kazi ijiendeshe yenyewe, likifunguliwa kwenye LibreOffice, jedwali litaonekana sawa lakini makro huenda zisifanye kazi. Kwa hiyo weka kwenye flashi faili lako zito kuliko yote, ulijaribu kwenye mashine ya aina hiyo kabla ya kulipa: fungua, badilisha namba, hifadhi, toa PDF, funga, kisha fungua tena. Dakika 20 zinatosha.

Prosesa nayo ina neno lake. Mac zenye chipu za Apple, kuanzia M1 ya mwaka 2020, hazina Boot Camp, njia ya kuwasha Mac moja kwa moja kwa Windows. Windows huendeshwa ndani ya programu kama Parallels, tena ni Windows ya ARM, aina ya prosesa tofauti na zile za kawaida za Intel na AMD. Laptopu za Windows zenye Snapdragon ni za ARM vilevile: programu nyingi za kawaida hutafsiriwa zikafanya kazi, lakini draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa kama printa, haitafsiriwi, lazima iwe imetengenezwa kwa ARM64. Mwenye duka anaweza kuona programu ya mauzo inafunguka vizuri huku printa ya risiti imegoma. Andika modeli ya printa, skana na kifaa cha leseni cha USB kwenye karatasi ileile, utafute draiva ya kila kimoja.

Ukinunua mtumba, kumbuka kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel Core, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu. Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, usome toleo. Ukiona 1.2 au hakuna kitu, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, uangalie kama TPM imezimwa kabla ya kuikataa mashine.

Laptopu mpya za bei nafuu wakati mwingine huja na Windows ya hali ya S, inayokubali programu za Microsoft Store peke yake. Kutoka humo ni bure, ila ukishatoka huwezi kurudi. Chromebook haisakinishi faili za .exe, inamfaa ambaye kazi yake yote iko kwenye kivinjari.

Na kama nyumbani au ofisini mtachanganya Mac na Windows, fomati flashi na diski za nje kwa exFAT, mpangilio wa faili ambao pande zote mbili husoma na kuandika. Mac husoma NTFS, mpangilio wa kawaida wa Windows, lakini yenyewe haiandiki humo. Hamisha data kwanza, maana kufomati hufuta kila kitu.