Somo: Kushika naitreti ya fedha na kuondoa madoa yake

Doa la naitreti ya fedha, chumvi ya fedha inayoyeyuka majini, huchelewa kujitokeza. Tone linakugusa likiwa jeupe kama maji, unaendelea na kazi, na saa kadhaa baadaye kidole ni cheusi. Mwanga na protini za ngozi zimeshageuza ayoni za fedha (fedha yenye chaji iliyoyeyuka majini) kuwa chembe za fedha. Kwa hiyo vaa kinga kabla ya kugusa chupa.

1. Vaa glavu za naitrili, koti na miwani. Macho ndiyo ninayoyahofia zaidi, kwa sababu kemikali hii huunguza. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali.

2. Kwa lita moja ya myeyusho wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), pima gramu 16.99 za naitreti ya fedha. Tumia maji yaliyokenekwa. Ya bomba yana kloraidi na yataleta ukungu mweupe. Hifadhi katika chupa ya kahawia, mbali na alkoholi na vitu vinavyowaka.

3. Tone likimwagika, futa na usuuze papo hapo, hata kama huoni alama.

4. Vyombo vya kioo vilivyoweusika: suuza vizuri, kisha tia asidi ya naitriki iliyozimuliwa ndani ya kabati la kutolea hewa chafu. Hakikisha hakuna alkoholi iliyobaki chomboni. Asidi ya naitriki, fedha na ethanoli vikikutana vinaweza kuzaa kitu kinacholipuka kwa mguso mdogo tu.

5. Nguo na meza: paka ayodini iliyoyeyushwa pamoja na potasiamu ayodaidi, subiri dakika chache. Weusi unageuka manjano hafifu, yaani ayodaidi ya fedha. Ondoa kwa myeyusho wa sodiamu thiosalfeti, suuza. Jaribu kwanza pembeni mwa kitambaa, kwani rangi nyingine hupauka.

6. Mabaki usiyamwage kwenye sinki. Tia chumvi, fedha ishuke kama mashapo meupe, uyakusanye kwenye chombo cha taka chenye lebo.

MASWALI

Mwalimu, vidole vyangu vimeshakuwa vyeusi. Nitumie dawa ya kung'arisha nguo?
Hapana. Itakuunguza, na fedha itabaki pale pale ikiwa kloraidi, ambayo nayo huweusika kwa mwanga. Nawa kwa sabuni, uache ngozi ijivue yenyewe. Wiki moja au mbili hivi.

Nimesikia wapiga picha wa zamani walitumia sianidi.
Ni kweli, na inaondoa. Pia inaua. Isikaribie kabisa doa la kidole.

Kitendanishi cha Tollens (myeyusho wa naitreti ya fedha na amonia wa kupima aldehaidi) kikibaki, naweza kukiweka hadi kipindi kijacho?
Usikiweke hata usiku mmoja. Kikikaa hutengeneza mashapo yanayolipuka. Tengeneza cha kutosha zoezi la siku hiyo, na ukimaliza tu, kitie asidi iliyozimuliwa kabla ya kukiweka kwenye chombo cha taka.