Somo: Kutoa mafaili kwenye laptopu ya BitLocker iliyogoma kuingia Windows

Mafundi wengi hapa Arusha, ukiwapelekea laptopu iliyogoma, wazo la kwanza ni kukupigia window. Usikubali kabla mafaili hayajatoka. Diski ikishafungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba data yote ya diski), kufomati kunaweza kuondoka na taarifa za kuifungulia, na hapo programu za kurudisha mafaili zitaokota takataka tu.

Anza na ufunguo: tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6. Utafute account.microsoft.com/devices/recoverykey, kwa akaunti iliyotumika siku laptopu ilipoanzishwa. Wengi hukwama hapa, maana ilianzishwa kwa akaunti ya mwanafamilia mwingine. Ya kazini au chuoni, waulize watu wa IT. Linganisha herufi 8 za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo (Key ID) na zile za skrini ya bluu ya BitLocker inayodai ufunguo. Kisha kagua: kila kundi lazima ligawanyike kwa 11. 135795 iko sawa. Ukiandika 135796 umekosea kunakili.

Andaa flashi ya GB 16 na diski ya nje iliyofomatiwa kwa exFAT (fomati ya FAT32 hugomea faili la GB 4). Utapakua Ubuntu, mfumo wa bure utakaowasha laptopu kutoka kwenye flashi badala ya Windows. Ni karibu GB 6, kwa hiyo vizia bando la usiku. Iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, ukitumia kompyuta nyingine.

Washa laptopu ukibonyeza F12 (Dell, Lenovo) au Esc kisha F9 (HP). Chagua kuijaribu Ubuntu, siyo kuisakinisha. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri):

lsblk -f

Tafuta patisheni iliyoandikwa BitLocker, mfano nvme0n1p3. Kisha:

sudo cryptsetup open --type bitlk --readonly /dev/nvme0n1p3 wazi
sudo mount -o ro /dev/mapper/wazi /mnt

Amri ya kwanza ikiuliza, andika ufunguo pamoja na vistari vyake. Skrini haitaonyesha hata nukta moja unapoandika. Endelea tu, kisha Enter. Mafaili yako yamo /mnt/Users. Nakili hivi (badala ya jina weka jina la folda yako, badala ya nje weka jina la diski yako ya nje):

sudo rsync -rt --partial --info=progress2 /mnt/Users/jina/Documents /media/ubuntu/nje/

Nimeweka -rt badala ya -a kwa sababu exFAT haitunzi umiliki wa faili, na -a itakujazia makosa yasiyo na maana. Kama betri imekufa, tumia UPS. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile.

MASWALI

Mkuu, niko Moshi. lsblk inaonyesha flashi tu.
– Ingia BIOS (mipangilio ya laptopu kabla ya Windows kuwaka), zima VMD au RST (njia za Intel za kusimamia diski), weka AHCI (njia ya kawaida). Windows itadai ufunguo baadaye, lakini unao. Isipoonekana bado, kagua diski yenyewe.

Sina ufunguo, fundi anadai ataufungua kwa hela.
– Usimpe hata shilingi, ndugu. Ila kama bodi ni ileile, rudisha mipangilio ya BIOS ilivyokuwa, washa Secure Boot, chomoa flashi zote. Mara nyingine TPM (chipu ya laptopu inayotunza ufunguo) hukubali na Windows inawaka yenyewe.

Picha za OneDrive zimegoma kunakilika.
– Zile zenye alama ya wingu hazimo kwenye diski, dada. Zipakue kwenye tovuti ya OneDrive.

Diski inalia tik-tik, kunakili kumekwama.
– Acha mara moja. Chukua picha ya diski nzima (nakala yake kamili) kwa programu ya ddrescue, kwenye diski kubwa zaidi, kisha ufungue BitLocker kwenye picha hiyo. Kila jaribio jipya kwenye diski inayokufa linakula kilichobaki.