Hesabu Siku, Usihesabu Pesa: Kwa Nyumba ya Waliojiajiri Kazi Ikifungwa

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni mpiga picha wa sherehe. Kwa maneno mengine, nyumba yetu nzima ilikuwa inakula kwa sababu watu wengine wanaoana. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba Korona imekuwa janga la dunia, mezani kwangu palikuwa na magauni saba ya wapambe wa bibi harusi: matano yamekatwa, mawili bado yana chaki. Siku chache baadaye mikusanyiko ikapigwa marufuku, na mwezi haukuisha kabla sote wawili hatujabaki bila kazi hata moja. Aliyeajiriwa alikuwa na bosi wa kumuuliza itakuwaje. Sisi tulibaki kutazamana.

Naandika hatua kwa mpangilio ninaotamani tungeufuata, maana ule tulioufuata ulitugharimu.

Kwanza, hesabu siku. Usiku ule wa kwanza tulihesabu pesa: iliyoko benki, iliyoko kwenye simu, iliyoko kwenye kopo la vifungo. Tukaona si haba, tukalala. Kesho yake ndipo nilipochukua daftari. Chukua mwezi mmoja wa kawaida, jumlisha chakula, kodi ya nyumba, umeme, maji, dawa na marejesho ya mkopo, gawa kwa 30. Hicho ndicho nyumba inachokula kwa siku. Kisha chukua pesa yote uliyonayo, igawe kwa kiasi hicho. Sisi tulipata siku 41. Nilifurahi kama dakika kumi hivi, mpaka nikakumbuka kwamba humo ndani mlikuwa na advansi za wateja ambao kazi zao hatujazifanya na pengine hatutazifanya. Tukazitoa. Zikabaki siku 19.

Ukiwa na kiasi fulani cha pesa unaweza kujidanganya, lakini siku 19 hazina ubishi. Tangu hapo kila kitu tulikipima kwa siku. Kodi ya fremu nilikoshonea ilikuwa inakula siku sita kila mwezi, na fremu yenyewe ilikuwa imefungwa kwa amri. Tulirudisha funguo wiki ile ile, cherehani zikahamia sebuleni. Kifurushi kikubwa cha intaneti kilikula nusu siku tu, tukakiacha, maana ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuonana na wateja. Bila hesabu hii tungekata intaneti na kung'ang'ania fremu. Ndivyo mtu anavyofanya akiogopa: anakata kidogo kinachoonekana na kuacha kikubwa kinachommaliza.

Sasa advansi. Hapa ndipo watu wengi waliojiajiri walipoumia, na ndipo tulipoumia sisi. Mteja amelipa nusu, sherehe imeahirishwa, anataka pesa yake. Wewe ulishanunua kitambaa. Mume wangu ni mtu wa aibu nyepesi. Bibi harusi mmoja alipompigia akilia, alichukua mkopo wa haraka wa kwenye simu akamrudishia yote siku ile ile. Mkopo ule tuliulipa kwa miezi mitano. Usimwige. Kabla hujapokea simu ya mteja, gawa kila advansi mafungu mawili: iliyokwisha kugeuka kazi au vifaa, na ambayo bado ni pesa. Ile ya pili ni ya mteja, usiiguse hata siku zikibaki mbili. Ile ya kwanza mwonyeshe. Mimi niliwapigia wapambe wote picha za vitambaa vilivyokatwa, nikawapa njia mbili: nisubiri mpaka tarehe mpya kwa bei ile ile, au chukua kitambaa chako pamoja na pesa iliyobaki. Kati ya saba, watano walisubiri. Makubaliano yakishafikiwa, yaandike kwenye ujumbe mfupi usiku huo huo: tumekubaliana hivi na hivi. Jambo lililoishia kwenye maneno ya simu, kila mtu hulikumbuka kivyake baada ya miezi mitatu.

Kwa wanaokudai wewe, wapigie kabla ya tarehe ya kulipa. Siku tano kabla ni simu ya mteja mwenye tatizo. Siku moja baada ya tarehe ni simu ya mdaiwa sugu, hata kama anayeongea ni mtu yule yule. Mimi nilikuwa na mkopo wa cherehani. Nilisema hivi: "Marejesho yangu ni tarehe 5, kazi yangu imesimamishwa na zuio, naomba kujua mna utaratibu gani." Nikanyamaza. Usiahidi tarehe ya kuanza kulipa, maana huijui.

Walinipa miezi mitatu ya kupumzika. Nilishukuru kabla sijauliza swali muhimu: riba inapumzika nayo? Haikupumzika. Ukidaiwa 100 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ukasimamishiwa miezi mitatu huku riba ikitembea, unarudi ukidaiwa 106 na vichenji. Kama siku zinakuishia, kubali tu, ni afadhali kuliko kukosa kula. Kama unaweza kulipa riba peke yake, omba hivyo. Mwenye nyumba naye aliombwa mapema, akakubali nusu kwa miezi miwili; yeye mwenyewe alijua kutafuta mpangaji mpya wakati ule ni ndoto.

Usiuze jembe. Nililijua hili tangu utotoni na bado nikauza ovaloki yangu, mashine ya kumalizia kingo za nguo, wiki ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyopata mnunuzi haraka. Kilichopata mnunuzi haraka ndicho chenye thamani kazini, ndiyo maana wanakitaka! Wakati huo huo kabatini mlikuwa na kamera ya pili ya mume wangu, ya akiba, haijatoka kwenye mkoba mwaka mzima. Tuligombana juu ya kamera ile, nikachoka, nikauza cha kwangu. Kama lazima uuze, pangeni vitu vyote vya kazi sakafuni, vyake na vyako, mjiulize kila kimoja mara ya mwisho kiliingiza pesa lini. Kinachouzwa ni kile ambacho jibu lake linachelewa.

Kuhusu misaada ya serikali, fahamu jambo moja: ilimfuata mwenye kumbukumbu. Uingereza iliwapa waliojiajiri asilimia 80 ya wastani wa faida yao, lakini faida ilisomwa kwenye ritani za kodi za miaka iliyotangulia. Aliyeanza biashara majuzi hakuwamo. Togo ilianzisha mpango wa Novissi Aprili 2020, pesa zikatumwa kwa simu kwa watu wa sekta isiyo rasmi, nao waliojiandikisha walitambuliwa kwa kitambulisho cha mpiga kura. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwezi huo huo kwamba wafanyakazi bilioni 1.6 wa sekta isiyo rasmi walikuwa hatarini kupoteza riziki zao. Wengi wao, kama mimi, hawakuwa na karatasi ya kuonyesha walikuwa wakipata kiasi gani.

Kilichoniokoa ni daftari la vipimo. Kila ukurasa una jina la mteja, kifua, kiuno, urefu, tarehe, bei na alicholipa. Nilipiga picha kurasa za miezi kumi na miwili, nikajumlisha kila mwezi kwenye karatasi moja, nikaambatanisha na taarifa za miamala ya simu. Ndiyo niliyompelekea mkopeshaji aliposema anataka uthibitisho kwamba kipato kimeshuka. Kwa hiyo kama huna vitabu, tafuta kitu ulichokuwa ukiandika bila kujua kwamba ni hesabu: oda kwenye simu, risiti za vifaa, kalenda ya miadi. Fanya hivyo leo, kabla simu haijaharibika.

Kazi ndogo za katikati zipo, ila zipigie hesabu. Nilishona barakoa kama kila fundi duniani. Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri za kitambaa ziwe na tabaka tatu, la ndani lenye kunyonya na la nje lisilonyonya, nami nikafuata hivyo. Mia za kwanza niliziuza kwa hasara bila kujua, kwa sababu nilihesabu kitambaa nikasahau lastiki, na lastiki ilikuwa imeadimika kila mahali. Baadaye nikakata kamba kutoka kwenye masalio ya kitambaa, nikaweka saa mezani: barakoa moja ya tabaka tatu ilinichukua dakika 14. Bei yangu ikapanda siku hiyo. Mume wangu alisafisha na kurekebisha picha za zamani za familia za watu, wanamtumia kwa simu, naye anarudisha zikiwa safi. Haikuwa pesa nyingi. Iliongeza siku tisa.

Watoto waambieni namba. Wetu waliijua na wakaacha kuomba ovyo, mdogo alikuwa anauliza asubuhi, "Leo zimebaki ngapi?"

Kazi ikifunguliwa, wadai wote watasikia siku moja. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa gauni moja la mmoja wa wale watano. Pesa yake niliigawa hivi kabla haijalala: nyuzi na sindano kwanza, kisha siku tatu za nyumba, kilichobaki kwa mdai mwenye riba kubwa kuliko wote, yaani ule mkopo wa simu wa mume wangu. Wengine niliwaandikia tarehe. Advansi zilizofuata ziliingia kwenye akaunti ya peke yake, ambayo kadi yake inakaa chini ya mto wa pini na haitoki mpaka mkasi uguse kitambaa. Ovaloki niliirudisha baada ya miezi 14, si ile yangu, nyingine, na kanyagio lake linalia.