Kabla Hujatuma Hela ya SSD, Ijue Sloti ya Laptopu Yako

Laptopu nyingi zinazouzwa Tanga ni zilizokwisha kutumika: ThinkPad, EliteBook, Latitude. Zikianza kuwa nzito, dawa ya kwanza ni kutoa hadi diski, ile ya kuzunguka inayohifadhi mafaili, na kuweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Tofauti huonekana siku hiyohiyo, maana hadi diski husoma kama MB 100 kwa sekunde, na SSD ya SATA, ile njia ya zamani ya kuunganisha diski, hufika kama 550. Tabu ni kununua isiyo yenyewe. Ukiikosa kwenye maduka ya Ngamiani, inaagizwa Kariakoo na kuja kwa basi. Ikifika ukakuta haiingii, gharama ya kuirudisha ni yako.

Anza na modeli kamili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha usome mstari wa System Model. “HP” haitoshi, na “EliteBook 840” nayo haitoshi. Ile G1 au G3 ya mwisho ndiyo inayobadilisha mambo. Lenovo, HP na Dell huweka mtandaoni bure kitabu cha ufundi cha kila modeli, na humo imeandikwa inapokea diski gani.

Halafu fungua kifuniko cha chini ujionee, kwa sababu mashine za mtumba huwa zimepungua vitu. Izime huku umeshikilia Shift ili izimike kabisa, chomoa chaja, toa betri. Kama betri iko ndani, chomoa waya wake kwenye mazabodi kabla hujagusa kingine chochote. Kwa laptopu iliyokaa nyumba za karibu na bahari, Raskazone kwa mfano, skrubu huwa zimeshika kutu: tumia bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa, ikandamize kwanza ndipo uzungushe. Bisibisi iliyolika itakula kichwa cha skrubu, na hapo utahitaji fundi.

Ukikuta kisanduku bapa cha upana wa kama sentimita 7, hiyo ni SATA ya inchi 2.5. Nunua SSD yoyote ya SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, umemaliza. Nafasi ikiwa ya milimita 9.5, weka fremu ya plastiki isicheze. Ikiwa nafasi ipo tupu, angalia kama waya wake upo, maana mara nyingi huwa umetolewa, na bila huo diski haina pa kuchomekwa.

Wengi hupotea kwenye M.2, SSD ndogo bapa kama kipande cha bigijii. Namba 2280 ina maana upana milimita 22 na urefu 80. Zipo pia 2242 na 2230. Fupi huweza kukaa kwenye nafasi ndefu kama pana tundu la skrubu la urefu wake. Ndefu haina ujanja.

Umbo la M.2 halikwambii diski inaongea lugha gani. Ndani ya umbo hilohilo kuna SATA na kuna NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi. Tazama meno ya shaba: mkato mmoja uliotenga meno matano pembeni ni M, na NVMe nyingi ziko hivyo. Mikato miwili ni B+M, na SSD nyingi za M.2 za SATA ndizo hizo. Mtego wenyewe ni kwamba yenye mikato miwili huingia vizuri kabisa kwenye sloti ya M, inafungwa skrubu, halafu BIOS, programu inayoamsha laptopu kabla ya Windows, haiioni kwa kuwa sloti ile ni ya NVMe tu. Diski haijafa, ni mzigo usio wako. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji, “Kaka, nipigie picha ya lebo na ya upande wenye meno.” Lebo isiposema SATA au NVMe, usitume hela.

ThinkPad T480 ina yake. Nafasi yake kuu huchukua SATA ya inchi 2.5, au NVMe kupitia adapta maalumu inayonunuliwa kando, na hata hapo utapata kama nusu tu ya kasi ya NVMe. MacBook Air za 2013 hadi 2017 zina meno yao wenyewe: zinataka adapta, na macOS iwe 10.13 au zaidi.

Usilipe zaidi kwa NVMe ya kizazi cha 4 kama sloti ni ya 3. Itafanya kazi, lakini kwa kasi ya 3. Afadhali hela hiyo iongeze ukubwa, kutoka GB 256 hadi 512. Na TB 2 inayouzwa bei ya GB 256 ni feki. Ijaze yote kwa programu ya H2testw, uongo utaonekana. Iliyotumika ipime kwa CrystalDiskInfo usome asilimia ya afya.

Kufunga ni dakika chache: M.2 iingize kwa mshazari, ilaze, kaza skrubu ya M2 ya milimita 3. Ndefu zaidi inaweza kugusa mazabodi.

Ukianza kupiga Windows na diski haionekani ilhali BIOS inaiona, mara nyingi mpangilio wa diski ndani ya BIOS uko kwenye RST au VMD, njia za Intel za kuendesha diski. Weka AHCI, ile njia ya kawaida, au pakia draiva ya Intel kutoka kwenye flashi. Usibadilishe mpangilio huo kwenye mashine yenye Windows tayari, inaweza kugoma kuwaka.

Diski ya zamani itie kwenye keisi ya USB uhamishe mafaili. Ikiwa na BitLocker, kufuli ya Windows ya diski, andika namba yake ya kuifungulia ya tarakimu 48 kabla hujaitoa, na usiifute diski hiyo mpaka umefungua picha na hati zako kwenye SSD mpya.